Mkanda unaouma: kisa cha mama aliyesimamishwa na trafiki akiwa na kidude cha kemo kifuani

Twende moja kwa moja. Dereva ni mama wa miaka hamsini na kitu, kazi yake ni ya kuzunguka na gari karibu kila siku, gari dogo la gia za mkono, usukani uko kulia. Aligundulika na kansa ya titi la kushoto, wakaliondoa lote pamoja na baadhi ya tezi za kwapani, na kabla hajaanza kemo, yani tiba ya dawa za kuua kansa, wakamwekea kile kidude kinachokaa chini ya ngozi, ukubwa wa sarafu nene hivi, kina mrija unaoingia kwenye mshipa mkubwa wa damu ili manesi wasihangaike kila mara kutafuta mshipa mkononi. Kwavile ugonjwa ulikuwa kushoto, kidude kikawekwa kulia, chini kidogo ya mtulinga. Ishike hiyo kulia na kushoto maana kisa chote kinazungukia hapo.

Akakaa nyumbani wiki kadhaa, vidonda vikafunga, akarudi barabarani. Mkanda ukaanza kumchokoza palepale. Gari likiwa la usukani wa kulia mkanda wa dereva unatokea kwenye nguzo ya mlango wa kulia, unapita bega la kulia, unakatiza kifua kwenda kwenye nyonga ya kushoto, yani unakanyaga kidude. Na mkanda huwa hautulii, kuna springi ndani ya roli yake inauvuta muda wote, ukipumua unasogea, ukigeuza shingo kuangalia kioo unasogea, gari likiruka tuta unabana kidogo alafu unaachia. Mtu mwenye kifua kizima wala hausikii. Yeye alikuwa anasikia kila kitu.

Akaanza ufundi wake. Kwanza alikuwa anaushika kwa mkono mmoja ausogeze mbali na kifua huku anaendesha. Alafu akawa anaupitisha chini ya kwapa. Baadae akabandika kibanio cha nguo kule juu unapotokea ili usirudi ndani, ubaki umelegea. Mwisho wa yote akaamua kuufunga kabla hajakaa, yeye anakaa mbele yake na mkanda unabaki nyuma ya mgongo, maana gari lilikuwa linapiga kelele asipofunga na ile sensa inaangalia kifungio tu, haina habari kama mtu yuko mbele ya mkanda au nyuma. Hapo ndo trafiki alipomkuta.

Mazungumzo yao alivyoyasimulia ni hivi. Afande kasogea dirishani, kamsalimia vizuri tu, "Shikamoo mama, mkanda vipi?" Mama akaitikia marahaba mwanangu, nimefunga, akamuonyesha kifungio. Afande akachungulia akacheka. "Mama hapa umeifunga siti, wewe mwenyewe hujafungwa." Mama akatoa karatasi aliyopewa siku anatoka hospitali, imeandikwa aepuke msuguano na shinikizo upande wa kulia wa kifua. Afande akaisoma yote, akaigeuza na nyuma. "Hii haijasema usivae mkanda." "Sasa mwanangu nivaeje na hiki kitu?" na akataka kuvuta shingo ya gauni amuonyeshe, afande akaangalia pembeni kwa aibu. Akamwandikia faini. Wakati anamrudishia leseni, kwa nia njema kabisa, akamwambia: "Mama yangu mi nakushauri upitishe hata chini ya kwapa, ili mradi uonekane umevaa, wenzangu wa huko mbele hawatakusumbua."

Kwangu mimi hiyo sentensi ya mwisho ndo yenye uzito kuliko faini. Tutaifikia.

Tuanze na sheria kwasababu ndo kitu cha kwanza watu wanachobishania. Mkanda wa pointi tatu tunaotumia leo ni kazi ya Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, mwaka 1959. Kulazimishwa kuuvaa kulichelewa, jimbo la Victoria kule Australia ndo lilitangulia mwaka 1970, Uingereza ikaja kuwabana waliokaa siti za mbele kuanzia 31 Januari 1983. Na sehemu nyingi walipoweka sheria waliacha mlango mdogo wa wagonjwa, ila namna ya kuupita inatofautiana. Uingereza kuna cheti maalum cha msamaha, anayeamua ni daktari, na hakuna ugonjwa ambao ukiwa nao tu basi umesamehewa moja kwa moja, ukikutwa huna cheti mkononi unapewa siku 7 ukipeleke kituo cha polisi. Umoja wa Ulaya cheti kilichotolewa nchi moja kinatambulika kwenye nchi zingine za umoja lakini lazima kionyeshe kinaisha lini. California barua ya daktari inatakiwa itaje hali yenyewe ya mgonjwa na ieleze kwanini mkanda haufai kwa hali hiyo. Texas wao wanaiita utetezi, unakuwa na barua ya daktari mfukoni au unaipeleka mahakamani ndani ya siku 10 tangu siku ya kosa.

Ukizisoma kwa pamoja utaona sehemu zote hizo zinataka daktari aandike, na aandike kuhusu mkanda wenyewe. Maumivu tu hayamo. Karatasi ya mama yule iliandikwa kwa ajili ya manesi na ndugu wanaomhudumia nyumbani, wasimlalie upande ule, asivae nguo ya kubana, vitu kama hivyo, aliyeiandika wala hakuwa anawaza gari. Kwahiyo afande kisheria alikuwa sahihi na mama alikuwa na kosa, sioni pa kupinda hapo. Najua kuna watakaosema sheria haina utu, ila fikiria wangapi mkanda unawakera, wenye matiti makubwa, wenye kitambi, wajawazito, wenye mabega ya kuuma, wafupi ambao unawakata shingo. Kero ikishakuwa tiketi ya msamaha hakutabaki wa kuvaa.

Ila sheria ina upofu wake. Sehemu nyingi maandishi yanataka uvae ipasavyo, lakini askari aliyesimama nje ya kioo anachokiona ni kitambaa kinakatiza kifua, akikiona anakupungia upite. Ndo maana ushauri wa "ili mradi uonekane" unazaliwa, na ukimsikiliza dereva mwenyewe utakuta na yeye kichwani mwake mkanda ni kitu cha kumuonyesha askari.

Sasa mwili. Gari linalotembea kilomita 50 kwa saa likisimama ghafla, nguvu uliyonayo mwilini ni sawa na ya mtu aliyeanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yani ghorofa ya tatu. Mtu wa kilo 70 akisimamishwa taratibu ndani ya nusu mita, mkanda ukinyooka kidogo na bodi ya mbele ya gari ikikunjika, anabebeshwa uzito wa kama tani moja na nusu kasoro kidogo. Asipokuwa na mkanda gari linasimama yeye anaendelea, alafu kifua kinasimamishwa na usukani ndani ya sentimita 10 labda, hapo ni karibu tani 7. Hesabu ni za kukadiria ila picha ndo hiyo. Kwa hesabu za NHTSA, wale jamaa wa usalama barabarani Marekani, mkanda unapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 45 kwa aliyekaa mbele kwenye gari dogo.

Tani moja na nusu lakini haiwezi kukaa popote tu mwilini. Mkanda umepangwa ukae juu ya mifupa inayoweza kubeba: ule wa chini kwenye mifupa ya nyonga, wa juu kwenye mtulinga, mfupa wa kifua na mbavu za juu. Ukiupitisha chini ya kwapa la kulia umeuondoa begani, umeuhamishia kwenye mbavu za chini ambazo ni nyepesi, na nyuma ya mbavu hizo upande wa kulia kuna ini. Bega likiwa huru kiwiliwili kinakunjika juu ya mkanda, kichwa kinakwenda kwenye usukani. Kwahiyo afande alimtoa mama kwenye kosa moja akampeleka kwenye hatari nyingine ambayo haionekani kama kosa, na hilo ndo linalonisumbua, kwasababu mama angefuata ushauri ule angepita vizuizi vyote vya barabarani bila kuulizwa na yeye mwenyewe angeamini yuko salama.

Kibanio nacho kilikuwa balaa. Magari mengi ya siku hizi mkanda wake una kifaa kinachouvuta na kuukaza ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde ajali inapoanza, kazi yake ni kumeza ule ulegevu wa kawaida wa nguo na mkao. Ukiongeza ulegevu wa kiganja kizima hakitaumaliza, mwili unasafiri kwanza alafu ndo unakutana na mkanda, kwa kishindo. Nyuma ya mgongo sidhani kama kunahitaji maelezo, unabaki na mkanda wa tumboni peke yake.

Na usisahau mfuko wa hewa ulioko kwenye usukani. Watu wanadhani ule ni mbadala wa mkanda. Umepangwa kufanya kazi na mtu aliyefungwa, ambaye mkanda unamchelewesha mpaka mfuko umeshajaa, asiyefungwa anaukuta bado unalipuka kuja upande wake. Ushauri wa kawaida ni mfupa wa kifua uwe angalau sentimita 25 kutoka katikati ya usukani. Mama huyu alikuwa amesogeza siti mbele sana, sababu nitaieleza sasa hivi.

Baada ya faini alienda kwa daktari wake kuomba barua. Na daktari, jamaa mwenye foleni ndefu nje ya mlango, akamuuliza mkanda unakuumiza, ndio unaniumiza, akaanza kuandika: mgonjwa asamehewe kuvaa mkanda hadi atakapopona. Basi. Hakuna tarehe, hakuna sababu, hakuna aliyemuuliza mkanda unagusa wapi. Kwa kipimo cha California barua ile isingefika popote, kwa kipimo cha Ulaya haina tarehe ya mwisho, lakini tuseme kuna sehemu ingekubalika, ingemsaidia nini? Ingemuondolea faini. Ile tani moja na nusu haisomi barua. Na mwenye kansa anayetumia kemo damu yake mara nyingi haiko sawa, chembe za kugandisha zinaweza kushuka, kinga iko chini, huyu ni mtu ambaye jeraha la kawaida la ajali linaweza kumsumbua kuliko mwingine. Yani ndo mtu wa mwisho unayetaka kumwona bila mkanda, na ndo anayeandikiwa barua haraka kwa huruma.

Barua haikupigwa mhuri siku ile, na ni bahati tu, mhuri ulikuwa chumba kingine na mama alikuwa ameitwa kwenye kemo. Kule akamhadithia nesi. Nesi hakusema kitu kuhusu barua, alimwambia dawa ikiisha nisubiri twende wote kwenye gari lako.

Hii sehemu naipenda kuliko zote. Wakafika kwenye maegesho, nesi akasimama upande wa mlango akamwambia panda, funga mkanda kama unavofunga siku zote, mi naangalia tu. Mama akakaa, akapeleka mkono wa kushoto, ukakatiza kifua, ukaenda mpaka juu ya bega la kulia kuutafuta mkanda, na uso ukakunjamana hapohapo. Mkanda ulikuwa bado haujamgusa. Nesi akamwambia rudisha mkono, sasa niambie umeumia wapi. Mama akashika kwapa la kushoto.

Kwahiyo maumivu yalikuwa mawili na wote walikuwa wanayaita jina moja, mkanda. La kwanza lilikuwa la kuufikia: mkono uliotolewa tezi, bega limekaza, kovu linavuta, na yeye kila siku anaunyoosha kuvuka kifua. Ndo maana pia alikuwa amesogeza siti mbele, ili gia na breki ya mkono, ambazo kwa usukani wa kulia zinashikwa na mkono wa kushoto, ziwe karibu bila kunyoosha. Nesi akamfundisha autumie mkono wa kulia, aushushe kando ya nguzo ya mlango, aukamate mkanda chini karibu na kiwiko sio juu begani, auvute kukatiza mapaja, mkono wa kushoto uupokee pale kwenye kifungio tu. Walirudia mpaka akazoea. Nusu ya kesi ikaisha hapo na hakuna aliyeandika barua.

La pili lilikuwa la kusuguliwa, na hili ni la vipimo. Siti ilikuwa imelala sana na iko chini, na ile sehemu ya juu mkanda unapotokea kwenye nguzo ilikuwa imepandishwa mpaka mwisho. Watu wengi hawajui kama ile inapanda na kushuka, ina kitufe cha kubonya alafu unateleza. Wakainyanyua siti, wakanyoosha mgongo wake, wakashusha ile ya juu hatua moja, mkanda ukasogea kuelekea nje upana wa vidole viwili hivi, bado uko katikati ya bega lakini sasa unagusa ukingo wa kidude badala ya kukikalia katikati. Siti ikarudishwa nyuma pia, usukani ukapata nafasi yake. Kwa mwingine inaweza kuwa kinyume kabisa, akatakiwa kupandisha, inategemea kidude kimekaa wapi na urefu wa mtu na gari, kwahiyo usinakili hatua zake, nakili utaratibu: kaa, funga, angalia unapita wapi, badilisha kitu kimoja, angalia tena.

Alafu mto. Kuna vile vimito vidogo bapa vyenye velkro vinavyozungushwa kwenye mkanda, wagonjwa wa kemo wanavitumia sana, kama huna taulo jembamba lililokunjwa mara moja linafanya kazi ileile ya kuzuia kingo za mkanda zisikwaruze. Kiwe chembamba. Mto wa kulalia ukiuweka kati ya kifua na mkanda umejitengenezea kibanio kingine, ule unene wote ni ulegevu unaosubiri kukandamizwa. Na kwenye mkanda wa tumboni usiweke kitu, ule ulale chini kabisa kwenye nyonga.

Sasa swali ambalo daktari hakuliuliza, afande hakuliuliza na mama mwenyewe alikuwa analikwepa. Kama mkanda wa kawaida wa gari lililosimama unamfanya akunjamane, je mtoto akikatiza barabara ghafla ataweza kuupiga usukani kwa nguvu zote bila kujizuia? Nesi alimuuliza karibu kwa maneno hayohayo. Mama akanyamaza kwanza, akasema kulia naweza, gia ndo nachelewa. Kwa maoni yangu hili ndo swali la kwanza kwenye kila ombi la kusamehewa mkanda, kabla ya sheria na kabla ya mito, kwasababu mara nyingi mwili usioweza kuvaa mkanda ni mwili ambao bado haujawa tayari kuendesha. Wenzetu Uingereza wana utaratibu wa wazi kwa baadhi ya magonjwa, aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo (pacemaker) asiendeshe gari dogo kwa wiki 1, aliyepasuliwa kifua kubadilishiwa mishipa ya moyo wiki 4, na madereva wa malori na mabasi wanakaa zaidi. Kwa titi ushauri unaotolewa sana hauna tarehe ya kila mtu, unaangalia kama unaweza kukanyaga breki ya ghafla, kuzungusha usukani na kuvaa mkanda bila kujikunja. Daktari angemwandikia apumzike kuendesha angemsaidia kuliko ile barua, japo najua kwanini hawaandiki, mgonjwa anakuja kutafuta kibali wewe unamnyang'anya na gari.

Wakakubaliana asiendeshe mpaka mtu wa mazoezi ya viungo aliridhie bega. Lakini kumwambia mtu asiendeshe maana yake abebwe, na hapa ndo kile kulia na kushoto kinarudi. Akikaa siti ya mbele ya abiria, kushoto, mkanda sasa unatokea bega la kushoto, unaacha kidude salama lakini unapita juu ya kovu la titi. Na kovu lile haliumi. Baada ya upasuaji wa aina hiyo ngozi ya kifua na ya ndani ya mkono mara nyingi inakufa ganzi, mishipa midogo ya fahamu imekatwa, kwahiyo mkanda unaweza kumchubua safari nzima na yeye anaongea tu habari zake. Ngozi ya kulia inasikia kila kitu, ngozi ya kushoto haisikii chochote, na kwa namna fulani kushoto kunahitaji uangalizi zaidi kwasababu hakuna kengele. Wakapanga akae nyuma kushoto, mbali na mfuko wa hewa wa mbele, avae fulana laini ya pamba isiyo na mshono pale, na akifika aangalie ngozi kwenye kioo, kwa macho na sio kwa kupapasa. Tiba ya mionzi ikianza, ngozi ya kushoto itakuwa nyepesi zaidi, basi ahamie nyuma kulia na kimto chake.

Nikiwa hapohapo, wenye vifaa vya mapigo ya moyo kisa chao ni hikihiki kimegeuzwa. Vile mara nyingi vinawekwa kifuani kushoto, kwahiyo kwenye gari la usukani wa kulia dereva anapona, abiria wa mbele ndo anasuguliwa, na ukihamia nchi wanazoendesha usukani kushoto mambo yanapinduka. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima anaendesha vizuri tu, siku akipewa lifti ndo analalamika mkanda, ndugu wanaona anadeka.

Je hakuna kabisa anayestahili msamaha? Wapo, wachache. Mtu ambaye uti wa mgongo umejipinda kiasi kwamba mkanda kila ukiuweka unaishia kooni, au ana vyuma vya nje vinavyoshikilia mfupa na mkanda hauna pa kupita. Hata hao kwanza unatafuta mkanda wa aina nyingine au siti iliyorekebishwa, ikishindikana ndo karatasi, na karatasi iwe na tarehe ya kuisha na itaje kilichojaribiwa kikashindikana. Na bima waambiwe mapema, usisubiri waje waisome barua yako baada ya ajali. Abiria wenzako pia wana haki ya kujua, maana mwili usiofungwa ndani ya gari linalogongwa unawaumiza na waliofungwa.

Nikirudi kwa wahusika. Mama simlaumu kwa maumivu, namlaumu kwa jambo moja, alitumia akili nyingi kuinyamazisha ile kengele ya gari kuliko kumwambia mtu wa afya kwamba hawezi kufunga mkanda, na aliendelea hivyo kwa muda mrefu huku anaenda kliniki kila mara, anakaa na manesi masaa. Ila pia hakuna aliyemuuliza, dodoso lao lina kichefuchefu, usingizi, hamu ya kula, gari halimo. Afande, faini sahihi, ushauri hapana. Ningependa askari wafundishwe hilo la kwapa kwa nusu saa tu wakiwa chuoni, kwasababu wao ndo watu wanaoangalia mikanda mingi kuliko yeyote. Daktari ndo ninayemuona amekosea zaidi kwasababu yeye peke yake alikuwa na uwezo wa kujua kidude kiko wapi, kwapa likoje na damu ikoje, na akaandika sentensi moja.

Mama aliuliza kama faini inaweza kufutwa akipata barua yoyote ya kliniki. Haiwezi, au niseme sioni hoja, siku ile alikuwa amekalia mkanda na hakuwa na sababu ya kitabibu ya kuukalia, alikuwa na sababu ya kuurekebisha. Akalipa, kwa manung'uniko.

Kliniki wakamwandikia barua nyingine kabisa, fupi, anaitunza kwenye pochi ya leseni. Inasema ana kidude upande wa kulia chini ya mtulinga, anavaa mkanda kamili pamoja na kimto, na ikitokea ajali waokoaji wajue kwamba mkono wa kushoto, uliotolewa tezi, usitumike kwa sindano wala kupima presha kama kuna namna nyingine. Askari akiuliza kile kimto ni cha nini anasomewa. Barua ina tarehe ya kuangaliwa upya, ambayo ni mwisho wa kemo, kwasababu kidude kikitolewa patabaki mshono mpya palepale mkanda unapopita, na vipimo vya siti itabidi virudiwe kuanzia mwanzo.